Mafundo Chini ya Jiwe la Wimbi

Nikiwa mtoto kule Matulo, kulikuwa na jiwe moja ambalo hatukuruhusiwa kulisogeza: jiwe la kusagia wimbi, jikoni mwa nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu. Chini yake ndiko alikomfunga dada yangu Nekesa.

Nilichungulia siku hiyo. Nekesa alikuwa amepata damu yake ya kwanza. Kukhu alichana kitambaa chenye damu hiyo kikawa kamba, akapiga mafundo matatu, na kwa kila fundo akatamka jina la Nekesa kwa sauti isiyokuwa yake, kisha akaiweka kamba chini ya jiwe. Mama alisimama mlangoni, uso ameugeuzia nje.

"Sasa umefungwa," Kukhu akasema. "Hakuna mtoto ataingia tumboni mpaka nifungue mimi."

"Umesikia Kukhu," Mama akasema. Hayo tu. Somo likaishia hapo.

Hasira yangu haikuanza ukubwani. Miaka mitatu baadaye, nikiwa na kumi, Nekesa alinizaba kofi kwa sababu ya kioo chake nilichovunja. Nikangoja wote waende shambani, nikaingia jikoni mchana kweupe, nikalisukuma jiwe kwa bega. Nilidhani mafundo yangekuwa magumu. Yalilegea nilipoyagusa tu, moja, mawili, matatu, kama vidole vya mtu aliyechoka kushika. Paka aliyelala kwenye majivu akainuka, akanitazama, akatoka. Viganja vyangu vilinuka damu mpaka jioni, na nilinawa mara nyingi.

Mwezi haukuisha, Nekesa akaanza kutapika nyuma ya migomba. Kukhu akainua jiwe. Akaishika ile kamba iliyonyooka, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani?"

Nikaficha viganja vyangu mgongoni. Nekesa aliacha shule kidato cha pili, akapelekwa Kitale kwa shangazi, na mimi nikajua nimemzika dada yangu akiwa hai.

Nilibeba hiyo kitu zaidi ya miaka ishirini. Shule niliishia darasa la nane. Mengine nimejisomea mwenyewe, hata vile mimba inashika na vile inazuiwa. Lakini kusoma hakukunitoa chini ya lile jiwe. Mwaka jana nikaenda Kitale, nikamwambia Nekesa ana kwa ana: ni mimi nilifungua.

Akaweka kikombe chini. "Ati wewe? Wacha, bana! Siku hiyo mimba ilikuwa tayari." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Unajua nilimwambia nini huyo kijana? Nilimwambia asiogope, mimi nimefungwa."

Nilirudi kwangu Bungoma na hasira. Jioni hiyo nikamketisha binti yangu Nafula, miaka kumi na minne, tukichambua mboga, nikamwambia yote bila kuzungukazunguka: kondomu, vidonge, sindano, kwamba anaweza kusema hapana, na kwamba akikwama aje kwangu kwanza.

"Mama, si unyamaze!"

Sikunyamaza. Alificha uso kwa leso, lakini hakuondoka. Baadaye akaanza kuuliza, nami nikamjibu. La mwisho likaja polepole:

"Na wewe, Kukhu alikufunga?"

Alinifunga. Alikufa bila kunionyesha ni wapi. Nimezaa watoto watatu, kwa hivyo najua kamba ni kamba tu. Lakini nilikuwa nimemwahidi Nafula ukweli, nikampa na huu: nikienda Matulo, nikifagia jiko lile, nafagia kulizunguka jiwe.