Zamu Yake Haikuchezwa

Kompyuta ile ilikuja kwetu Nyalenda juu ya mkokoteni, imefunikwa gunia la mkaa ili majirani wasiione. Waliiona wote. Kaka yangu alikuwa karani kwenye kiwanda kimoja cha samaki mjini Kisumu, kazi yake kuandika uzito wa mbuta kabla hawajakatwa minofu. Kiwanda kiliponunua mashine mpya, bosi akamwambia achukue hii kuukuu kabla haijatupwa. Mwenye nyumba wetu, mama mmoja mjuaji kupita kiasi, akauliza kama ni televisheni. Kaka akamjibu kwamba ni televisheni, ila haina stesheni. Yule mama akaenda zake ameridhika kabisa.

Tuliishi wawili tu, vyumba viwili. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi, naondoka asubuhi narudi jioni. Yeye alikuwa shifti ya usiku, anatoka nikiingia. Mazungumzo yetu yalifanyika mlangoni, mimi nikimwita omera, yaani kaka, naye akiniita nyaminwa, dada. "Omera, umekula?" "Nimekula, nyaminwa, yako iko kwa sufuria." Wiki nzima ingeweza kupita hatujaketi pamoja. Nasema haya mapema ili mtu asinione mjinga, mwanamke mzima kulilia mchezo wa kompyuta. Sisi tulikuwa tukikutana mle.

Mashine yenyewe ilikuwa nzee. Windows ilijikokota humo mpaka unaweza kuinjika chai ukanywa ikiwa bado inawaka. Sasa kulikuwa na mzungu mmoja aliyefundisha muhula mmoja kwenye chuo hapo mjini, na alipoondoka alimwachia kaka CD yenye kitu kinachoitwa Linux.

"Hii haina mwenyewe, nyaminwa," kaka akaniambia, macho yamemtoka. "Watu wameiandika tu, wakaiacha hapo. Ukitaka unachukua."

"Rahisi huvunja upishi," nikamwambia. Nilikuwa na mdomo siku hizo, na bado ninao.

Aliweka Linux wikendi nzima, anafuta, anaanza upya, anailaani kwa Dholuo na kuibembeleza kwa Kiingereza. Ilipokubali, haikuwa na picha wala nini. Ilikuwa giza, halafu maneno meupe yanayokuuliza jina lako. Kabla ya chochote kile, lazima useme wewe ni nani, halafu uandike neno lako la siri. Kaka alinifungulia mlango wangu, naye akawa na wake. Mara ya kwanza nilipoandika neno langu la siri sikuona hata herufi moja ikitokea. Nikaigonga kibodi kwa kiganja, nikamwambia kitu chako kimekufa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe ndivyo ilivyo, inaficha ili aliye nyuma yako asione. Nilimwambia nyuma yangu kuna ukuta tu.

Michezo iliyouzwa mjini haikuingia humo. Wenzetu wenye Windows walicheza magari na bunduki zenye rangi, sisi tukabaki na michezo iliyotengenezwa na watu wasiolipwa, na hata hiyo huipati ikiwa tayari. Unapewa maandishi, halafu unaiambia mashine iyapike yawe mchezo. Inapika mchana kutwa. Stima inapotea ikikaribia kuiva, unaanza tena, na kabla ya hapo mashine inajikagua diski nzima kama askari wa barabarani anayetafuta kosa. Sauti haikuwahi kutoka hata siku moja. Kaka alitoa mizinga kwa mdomo, na wimbo wa kuanzia akaupiga kwa mluzi.

Basi katika michezo hiyo, mmoja ndio uliotushika. Unaanza na watu wachache kwenye ardhi usiyoijua, unajenga miji, unalima, unaunda meli, na jirani yako anafanya yake upande wa pili. Kila mmoja anaona kwake tu, kwingine kote ni giza mpaka utume mtu akaangalie. Na unakwenda kwa zamu. Mimi nacheza yangu, nahifadhi, naondoka. Yeye anakuja, anacheza yake, anahifadhi, anaondoka. Hakuna haraka. Mchezo unakungoja hata mwezi.

Mchezo ule uliwafaa watu wa mlangoni kama sisi. Nikitoka shule nakuta alishacheza, na ningeweza kujua siku yake ilivyokwenda kwa alivyocheza. Akiwa amechoka alihamisha wanajeshi wawili tu na kulala. Akiwa na furaha alinijengea barabara mpaka kwenye mlango wa mji wangu, bure, bila sababu. Miji yake aliita Asembo, Dunga, Sondu na majina ya mashangazi wote. Mji wangu mkuu niliuita Amani, naye akatuma meli ije kuupiga siku hiyo hiyo. Nilimkuta mlangoni jioni, nikamwambia, "We omera, hata aibu huna!" Akasema, "Nani alikutuma kujiita Amani?"

Tulikuwa kwenye mchezo mmoja muda mrefu, tangu mvua mpaka mvua, nilipoanza kumshinda. Nilikuwa nimemzunguka. Alibaki na mji mmoja kando ya maji, Asembo yake, na mimi nina meli pande zote. Akawa anacheka. "Nimekuwekea mtego, nyaminwa. Uko kule usikoona. Njoo tu." Nikachungulia, nikatuma mtu, sikuona kitu. Nikacheza zamu yangu kwa woga kidogo, nikahifadhi. Ikawa zamu yake.

Hakuicheza. Alirudi kutoka kazini siku hiyo akalala na koti. Alikuwa amekonda tangu zamani, sote tuliona, na sote tulisema ni shifti. Baadaye tukasema ni malaria, halafu ni kifua. Miaka ile kila boma upande wetu wa ziwa lilikuwa na mtu wa kifua, na hakuna aliyetaja jina la ule ugonjwa kwa sauti, hata waliokuwa wanaufia. Sisamehe kunyamaza kule. Tulimnyima mtu hata nafasi ya kuogopa pamoja nasi.

Hospitalini nilimwambia nitamchezea zamu yake ili tuendelee, aniambie tu nihamishe nini. Nilidhani itamfurahisha. Alinikazia macho.

"Usiguse zamu yangu. Hata usifungue, utaona mtego. Nitakuja kuicheza mwenyewe."

Nikamwambia sawa. Nilirudi Nyalenda kila jioni nikapita mbele ya mashine ile bila kuiwasha, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi, na kwa sababu kuiwasha kungekuwa kukubali kwamba haji. Hakuja. Tulimpeleka nyumbani Asembo Bay tukamzika kwenye boma la baba, yeye ambaye hakuwa hata ameoa.

Kwetu, mtu akishazikwa, kuna siku ya kugawana vitu vyake. Tunaiita keyo nyinyo. Shati linakwenda kwa huyu, jembe kwa yule, ili mtu asipotee mzima mzima. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Lakini wanaogawa ni wanaume wa boma, na wanaogawiwa ni wao kwa wao. Tukiwa bado kwenye matanga, vijana walikuwa wametumwa Nyalenda kuleta vitu, wakaja na kitanda, redio, baiskeli, na kompyuta ikiwa imefungwa kwenye blanketi lake. Nilipoiona imewekwa kwenye nyasi kati ya sufuria na viatu, moyo ulinipasuka.

Nikasimama mbele ya wazee, jambo ambalo msichana halifanyi, nikasema naomba ile kompyuta. Baba mdogo akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi zaidi.

"Nyathina, mwanangu, wewe utaolewa. Vitu vya marehemu vinabaki kwa boma."

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, nimesimama pale na miguu yangu miwili, na langu halikuwepo. Kompyuta ikapewa mtoto wa baba mdogo, kwa sababu anakaa Sondu sokoni na chumba chake kina stima. Sina ubaya naye. Ni yeye aliyechimba kaburi mpaka viganja vikatoka ngozi. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Omera, chukua, ni yako. Nakuomba kitu kimoja. Usiiguse mpaka nije. Kuna kitu chake ndani nataka kutoa." Akasema, "Hakuna shida, nyaminwa. Itakungoja."

Nilikuwa nimeshafanya uamuzi. Zamu ile ningeifungua. Ahadi niliyompa ilikuwa ya mtu anayerudi. Nilitaka kuona upande wake, Asembo yake, na mtego aliouweka kule nisikoona. Floppy moja, ile diski ndogo ya kuchomeka, ingetosha kunakili mchezo mzima, na pale chuoni kulikuwa na mwalimu aliyeijua Linux, angenifungulia. Kitu cha mwisho kichwani mwa kaka yangu kilikuwa mle, tena alikuwa amenitengenezea mimi. Hakuna kingine nilichokitaka duniani.

Nilikaa na mama mpaka akaanza kula tena, halafu shule ikanidai. Jumamosi ya kwanza niliyoipata, nikaweka floppy mpya kwenye mkoba, nikapanda gari la Sondu.

Ndugu yangu alinipokea vizuri mno. Samaki, soda, stuli ikafutwa vumbi. Kompyuta ilikuwa mezani chini ya kitambaa cheupe cha kufuma. Akasema, "Hii kitu ilinisumbua, yawa. Nilikuwa nimeiwasha kidogo tu, nione kama ni nzima baada ya safari. Ikaniuliza jina."

Nikamwambia ndiyo, ndivyo inavyofanya.

"Nikaandika jina yangu. Ikakataa. Nikaandika jina ya baba, ikakataa. Nikaogopa, lakini nikasema wacha nijaribu, nikaandika jina ya marehemu mwenyewe." Akashusha sauti. "Nyaminwa, hiyo ndiyo ikakubali kidogo. Ikaniuliza neno. Nikaandika pole zote za matanga najua, ikakataa. Kila siku nikiiwasha, wewe ni nani, wewe ni nani. Mama yangu akasema kitu ya mtu aliyekufa ikikuuliza jina, usijibu. Akasema nimpatie fundi aisafishe, la sivyo itoke kwa nyumba."

Nikamuuliza fundi alifanya nini. Nilikuwa nimeshajua, lakini niliuliza.

"Aliisafisha yote!" akasema kwa furaha, akavuta kitambaa, akaiwasha. "Alisema ndani kulikuwa na maandishi tu ya ajabu, hakuna kitu. Akaweka Windows. Angalia, haiulizi mtu jina tena."

Na kweli haikuuliza. Ilijikokota, ikatoa rangi, ikafunguka yenyewe kwa yeyote aliyeketi mbele yake. Nilitafuta. Nilibofya kila mahali pa kubofya huku nikijua ni upuuzi. Hakukuwa na mlango wake wala wangu. Amani hakuna, Asembo hakuna, mtego hakuna. Floppy ilikuwa mkononi, nimeikunja kidogo bila kujua. Nilimchukia ndugu yule kwa muda wa pumzi moja, halafu nikaona viganja vyake, bado vina makovu ya lile jembe, nikashindwa hata kumchukia.

Aliona uso wangu ukibadilika, akafikiri nimevunjika moyo kwa sababu ya michezo. Alijua tulikuwa tunapenda michezo. "Usijali," akasema, "hata mchezo iko. Nilimwambia fundi aache mchezo ndiyo ukikuja usikose." Akanifungulia ule wa karata, karata zikajipanga kwenye kitambaa cha kijani. "Cheza, nyaminwa. Cheza kwanza, chakula inaiva."

Nikacheza. Angeumia kama ningekataa. Nikahamisha nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu, sijui nilikuwa naangalia nini, na karata zikanikubali moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Skrini nzima ikaanza kurukaruka karata. Akapiga makofi.

"Umeshinda!"

"Nimemshinda nani?"

Akacheka. "Hakuna mtu, yawa. Hii ni ya mtu mmoja."

Nikalia pale pale kwenye stuli, kwa sauti, mpaka mama wa duka la jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa.