Foronya ya Kwenda Nayo Jijini

Kaeni vizuri, kwa sababu mwanamke mwenyewe ninayemleta hapa hakai kimya.

Watu walimwita Kengele, na jina hilo hakupewa bure. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Siku moja alipopiga chafya kule chini, mgonjwa wa ghorofa ya juu ambaye hajanyanyuka kitandani mwezi mzima alivaa viatu akaenda zake nyumbani. Daktari akasema dawa imefanya kazi. Ukibisha, shauri yako.

Kazi ya Kengele ilikuwa kukunja mashuka. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, labda awe na mikono kama buibui. Hushikwa na wawili, na wa pili wake alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu. Walikunja kwa kuimba. Kengele anaanzisha, "Hili ni la nani?" Wifi anaitikia, "La aliyelala!" na papo hapo wote wawili wanavuta, shuka linanyooka pwaa! Kisha wifi anaanzisha, Kengele anaitikia, wanasogeleana, ncha zinakutana. Ukiimbiwa usiitikie, mwenzako hajui kama umeshika. Shuka linaanguka kwenye sakafu yenye maji, na kazi inaanza upya. Basi miaka yote hiyo mdomo wa Kengele ulijifunza jambo moja tu: wimbo ukiita, itikia.

Hata binti yake alikulia mle mle. Mashuka yalikuwa makubwa kwake, kwa hiyo akapewa foronya za mito, avutane na mama yake upande huu na upande ule mpaka usingizi umchukue juu ya rundo la nguo safi.

Sasa binti huyo amekua, na amepata kazi jijini, kwenye ukumbi mkubwa wa maigizo. Anashika tochi ndogo na kuwaonyesha watu viti vyao. Jumapili moja akapiga simu.

"Mama, nimepewa tiketi mbili. Yako na ya shangazi. Onyesho la mchana, mwisho wa mwezi."

"Onyesho la nini, mwanangu?"

"Mchezo wa jukwaani. Wanaigiza kwa kuimba."

"Wote?"

"Wote. Hata mtu akitaka kufungua mlango, anaimba kwanza."

"Hao ndio watu wenye akili," akasema Kengele. "Na sisi tunaingilia wapi?"

Binti akavuta pumzi. "Nyinyi hamuingilii popote, Mama. Watazamaji hawaimbi. Hawaitikii. Hawamwambii mtu kwamba adui yuko nyuma yake. Akipiga kelele mtu anatolewa nje, na upande wenu anayetoa watu ni mimi. Bado niko kwenye majaribio, na mkuu wangu anasimama kule nyuma, jicho lake haliniondoki. Nikimwacha mtu kwa kuwa ni mama yangu, kazi sina. Nikimtoa mama yangu mbele ya watu... hilo, Mama, sijui nitalifanyaje."

Kengele akaihamishia simu sikio la pili.

"Nitakaa kimya," akasema, kwa sauti kubwa hata majirani wa nyuma ya ukuta wakaisikia ahadi yote, wakaanza kucheka.

Wifi alipoambiwa, aliketi chini kabisa ili acheke vizuri.

"Wewe na kimya mlijuana wapi, wifi?"

"Nitajifunza."

"Jifunze. Mimi sina la kujifunza. Nitakaa pale kama picha ukutani, watu wanipanguse vumbi."

Maandalizi yakaanza. Nguo haikuwa taabu. Kengele alikuwa na gauni la buluu lililovaliwa harusini tu. Viatu vilikuwepo, vinauma, lakini vilikuwepo. Basi la asubuhi lilijulikana, na njia ya kutoka kituoni mpaka ukumbini binti aliieleza mara nyingi hadi wifi akasema hata akifumba macho atafika, ila ataangukia mtaroni. Kilichobaki ni mdomo.

Walianzia kazini. Wifi anaimba, Kengele anabana midomo. Shuka la kwanza likaanguka. La pili likaanguka. La tatu liliwafunika wote wawili, wakawa wanatafutana humo ndani. Msimamizi, mzee mpole mwenye kalamu sikioni, akasimama mlangoni.

"Mnakunja mashuka, au mnadeki nayo?"

"Tunajifunza kukaa kimya, Mkuu," Kengele akajibu, na madirisha yakatetemeka.

"Naona," akasema msimamizi, akaenda zake.

Siku iliyofuata wakajaribu peremende kubwa, ile ngumu, ijaze mdomo. Wifi akaimba, Kengele akaitikia, peremende ikaruka juu ya mapipa na mashine, ikapita mlangoni, ikaingia mfuko wa shati la msimamizi. Mzee wa watu aliikuta saa ya chai akaila, akidhani ni yake. Wakajaribu kufunga mdomo kwa skafu. Sauti ikatokea puani, na ile ya puani ilikuwa mbaya kuliko ya mdomoni.

Mwisho wa mwezi ukawa unakaribia. Jioni moja Kengele alilikung'uta gauni la buluu, akalirudisha kabatini.

"Nenda na jirani," akamwambia wifi.

Wifi alikuwa na utani tayari ulimini, lakini alipomtazama akaumeza. "Na wewe?"

"Mimi nitamharibia. Nilitaka kumwona akiwa kazini, basi. Yeye ananijua kazini kwangu tangu anatambaa. Mimi kazini kwake sijamwona hata siku moja. Lakini wifi, nikiimbiwa nisiitikie, mikono hii inaona kama kuna kitu kinaanguka. Mwili mzima unaruka kukidaka."

Wifi akakaa akitafuna ukucha. Kisha akanyanyuka, akatoa foronya kwenye mto wa kitanda.

"Shika huku."

"Ya nini?"

"Shika, acha maswali." Akaimba, "Hili ni la nani?"

Kengele akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, wifi akavuta. Mkono wa Kengele nao ukavuta kwa mazoea, kitambaa kikanyooka, na lile jibu, badala ya kupanda kooni, likapitia mkononi na kuishia kwenye vidole. Chumba kikawa kimya. Paka aliyekuwa amelala akaamka kuangalia kuna nini.

"Imba tena," Kengele akanong'ona.

Wifi akaimba tena. Wakavuta. Kimya.

"Kumbe haya makelele yako yanakaa kwenye mikono!" wifi akapiga kofi la furaha. "Na mimi muda wote nayatafutia dawa ya mdomo."

Gauni likatoka kabatini kwa mara ya pili.

Siku ya safari walipanda basi na mikoba yao, na ndani ya mkoba wa Kengele mlikuwa na foronya nyeupe iliyopigwa pasi. Ukumbini viti vilikuwa vyekundu na laini, na dari limejaa taa. Binti akawapokea amevaa koti la kazi lenye vifungo vya dhahabu, mgongo umenyooka, akafanya kama hawajui.

"Karibuni, mabibi. Viti vyenu ni hivi."

Kengele alimtazama kutoka viatuni hadi utosini. Alijua wazi kwamba hapa si mahali pa kumkumbatia mtu. "Asante, dada," akanong'ona, na watu wa mstari wa mbele wakageuka.

Kengele akakaa ndani, wifi pembeni, karibu na njia. Taa zikazimika. Foronya ikatoka mkobani, wakaishika ncha hizi na hizi gizani.

Na mchezo ulikuwa mzuri, usiombe. Mwimbaji mmoja alikuwa na pumzi ndefu. Alianza kushika sauti Kengele akiwa anapiga mwayo, akaiachia mwayo umekwisha na kusahauliwa. Kila wimbo ulipoita, wao walivuta. Wakavuta kwenye harusi, wakavuta kwenye vita. Kengele hakutoa hata mguno.

Kisha mume kwenye mchezo akarudi kutoka safarini, akakuta nyumba tupu. Mke wake alikuwa amejificha nyuma ya mlango, na ukumbi mzima unamwona isipokuwa mumewe. Akapiga magoti akaimba, kwa uchungu wa kukata maini, "Mke wangu, uko wapiii?"

Kengele akavuta. Upande wa pili haukuvuta.

"Yuko nyuma ya mlangoooo!" wifi akaitikia, kwa sauti nzuri kabisa, iliyokaa sawasawa kwenye muziki.

Hata wapiga ngoma waligeuka. Tochi ndogo ikaja haraka njiani, nyuma yake binti, uso umekauka.

"Shangazi, tafadhali. Twende."

"Mimi?" wifi akashangaa, kama vile aliyeimba ni kiti.

"Wewe, shangazi."

Akaondoka akiinama gizani, na mbavu za Kengele zikauma kwa kicheko alichokizuia, kigumu kuliko nyimbo zote za siku ile. Lakini kicheko kilipopoa, akaona ncha ya foronya imelala juu ya kiti kitupu. Na pale jukwaani mke alikuwa ametoka nyuma ya mlango, wanaanza kuimbiana na mumewe, mmoja anaita, mwingine anaitika. Hakuna wa kushika upande ule. Kitu kilikuwa kinaanguka, na mdomo ukafunguka wenyewe.

Foronya ikakazika.

Binti alikuwa amerudi. Amesimama njiani mahali pake pa kazi, tochi imezimwa, macho mbele, na mkono wake mmoja umeshuka juu ya kiti cha shangazi yake, umeshika ncha. Wimbo ulipoita, akavuta. Alivuta palepale panapostahili, wala hakukosea hata mara moja, mpaka pazia likashuka. Mkuu wake kule nyuma hakuona ila mfanyakazi aliyesimama wima.

Wifi walimkuta nje, amekaa na mlinzi kama wamejuana tangu utoto. Ndani ya basi hakuona haya hata kidogo.

"Wewe ulikaa na watu wote," alisema. "Mimi niliitwa peke yangu, nikaongozwa kwa tochi."

Kesho yake kazini alieleza kwamba bila yeye, yule mume asingempata mke wake mpaka leo. Kengele alikuwa ameshika upande wa pili wa shuka. Hakusema kitu. Alivuta tu, na msimamizi akaja mbio kuuliza kama anaumwa.