Siku Baba Alipokula Barazani

Namshukuru Mungu kabla sijasema neno jingine. Amenilea tangu tumboni mwa mama yangu hadi mvi hizi, na asubuhi ya leo pia amenipa mhogo wa kuchemsha na meno machache ya kuutafunia. Ametulisha siku za kushiba na siku za kubahatisha, wala hajatuacha. Ninayoyasimulia hapa ni moja ya fadhila zake, ingawa siku yalipotokea, nyumba yetu nzima iliyaona kuwa msiba.

Harufu ya samaki mkavu wa Kinkondja haijui kujificha. Unaweza kumfunga samaki huyo kwa majani ya migomba, ukamtia kapuni, ukalifunika kapu kwa kitenge na kulisukuma chini ya kitanda. Bado anayepita barabarani atajua kuwa kwako kumefika mgeni kutoka ziwani. Ni harufu ya moshi, matope na chumvi kidogo. Hadi leo nikikutana nayo soko la Kamina, nyuma ya baiskeli za wachuuzi, narudi kuwa yule msichana mdogo wa shule ya misheni, na namwona bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita Kambo, akishuka kwenye treni ya kutoka Bukama na kapu kichwani. Kambo hakupeleka habari ya kuja. Alikuja samaki walipokuwa wengi, akaondoka alipowakumbuka kuku wake.

Baba yangu alikuwa karani kwenye stesheni ya treni. Alisoma kwa Wametodisti, aliandika mwandiko mzuri kuliko wa bwana wake, na jioni alirudi nyumbani na vumbi la makaa ya Luena kwenye kola ya shati, kola ambayo Mama aliisugua kila siku bila kuishinda. Bwana wake, Mzungu kijana kabisa, alimwita "boyi" mbele ya abiria. Baba hakutusimulia jambo hilo. Nililiona mwenyewe siku niliyompelekea chakula, na nikaona pia namna alivyoangalia karatasi zake kana kwamba hakusikia. Katika miaka ile ya Wabelgiji, serikali ilikuwa ikitoa kadi kwa Mwafrika aliyekubaliwa kuwa ameendelea. Mtu huyo tulimwita evoluwe. Mwenye kadi hakuchapwa kiboko, polisi hawakumsumbua akitembea usiku, na Baba aliambiwa kuwa angeweza kufikiriwa kupewa nyumba ya matofali karibu na stesheni. Nadhani nyumba haikuwa kiini. Alitaka karatasi moja ya Wazungu ambayo ingewazuia Wazungu kumwita boyi.

Lakini kadi haikutolewa kwa mwandiko mzuri. Mkaguzi alikuja nyumbani. Alitazama vitanda, alichungulia choo, aliuliza ni ndugu wangapi wanalala chini ya paa lako, kwa sababu ndugu wengi walihesabiwa kuwa ushenzi. Zaidi ya yote aliuliza kama mke anakula mezani pamoja na mumewe. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu, kama kwa majirani wote, Baba alikula peke yake sebuleni. Mama, mdogo wangu akiwa bado mtoto wa mgongoni, mimi, na Numbi tulikula jikoni kwenye mkeka, tukichota sahani moja. Numbi alikuwa binti wa kaka yake Baba, aliyeletwa kutoka kijijini atusaidie kazi, na malipo yake yalikuwa chakula na nguo nilizoziacha zikiwa bado na vifungo. Mimi nilikwenda shule, Numbi alikwenda kisimani. Sikujiuliza kwa nini, na hakuna aliyeniuliza.

Basi Baba alimwagiza fundi wa misheni meza ya mti wa mulombwa na viti vinne. Mama alikuwa amejifunza kudarizi kwa Madamu wa misheni, akadarizi kitambaa cha meza chenye maua ambayo hayaoti Kamina. Tangu mvua za kwanza tukaanza mazoezi. Mama aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuwahi kutafuna mbele ya mumewe tangu aolewe, na sasa aliambiwa atafune huku akishika uma. Bukari, ugali wetu, haipendi uma. Inanata, inageuka, inaanguka mapajani. Mama aliziba mdomo kwa kiganja, akameza matonge mawili, akasema ameshiba. Baadaye nilimkuta jikoni akila kwa mkono, haraka, akiwa amesimama. Numbi alikuwa amebaki pale peke yake na sufuria. Mkeka uliokuwa wa watu watatu ukawa wa mtu mmoja, na tulisema kwamba nyumba yetu imeendelea.

Siku ya ukaguzi ilipokaribia, Baba alipanga kila kitu. Numbi angekaa jikoni, nyuma ya nyumba, asionekane. Mimi ningevaa viatu. Mama angejibu kwamba ndiyo, tunakula mezani siku zote. Jambo ambalo Baba hakulipanga ni treni ya Bukama. Asubuhi ile ile Kambo alisimama mlangoni na kapu lake, na harufu ikaingia kabla yake.

Sina budi kueleza kidogo desturi yetu, kwa ajili ya vijana. Kwetu sisi Baluba mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, na hawali mahali pamoja. Anayemwona mkwewe akitafuna amemvua nguo. Hata maneno hupitishwa kwa mtu mwingine, na katika nyumba yetu mtu huyo nilikuwa mimi. Baba hangeweza kumwambia Kambo arudi stesheni, wala hangeweza kumwambia ajifiche. Aliniambia mimi nimwambie Kambo kwamba anakaribishwa sana, na kwamba jikoni kuna kivuli. Kambo akacheka, akaenda jikoni kwa Numbi. Mama aliwapakulia bukari na samaki, kisha akarudi kukaa ukingoni mwa kiti chake.

Mkaguzi alifika wakati wa chakula, kofia mkononi, akizungumza Kiswahili cha amri, kile ambacho Wazungu walikitumia kwetu. Alitazama kitambaa, akakisifu. Alitazama viatu vyangu. Kisha akanusa, akapita moja kwa moja hadi jikoni, nasi nyuma yake, Baba akibaki hatua moja nje ya mlango akitazama chini. Kambo na Numbi walikuwa kwenye mkeka, mikono yao ikiwa ndani ya sahani moja. Mkaguzi aliwatazama kwa muda. Wala hakuwa mtu mbaya. Naamini alitaka kumsaidia Baba, kwa sababu alimtafutia jibu. "Huyu mama njo mutumishi yako?"

Hata mimi nilielewa. Kuwa na mama mkwe wa kijijini anayekula chini kulikuwa hatia. Kuwa na mtumishi kulikuwa maendeleo. Neno moja tu, "ndiyo", na mambo yangekwisha. Mama alimtazama Baba. Kambo aliendelea kuchambua mwiba wa samaki, lakini vidole vyake vilipungua mwendo.

"Hapana, bwana," Baba akasema. "Huyu njo mama ya muke yangu. Na huyu njo mutoto ya ndugu yangu."

Mkaguzi akakunja uso. "Juu ya nini banakula chini? Lete bote ku meza."

Tukaenda mezani. Mama akatangulia, Numbi akafuata akijifuta mikono kwenye nguo iliyokuwa yangu, na Kambo akaja mwisho, polepole, akitazama ukuta ili asimwone mkwewe. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alishika mgongo wa kiti kile nilichomwona akikipaka nta kwa mikono yake. Kisha akachukua sahani yake, akatoka nje, akaketi chini barazani, akaanza kula kwa mkono, mbele ya majirani wote. Kambo akaketi kwenye kiti cha Baba.

Hivyo ndivyo mkaguzi alivyotuona: wanawake wanne mezani, na evoluwe mtarajiwa ameketi nje juu ya sakafu. Kambo aliweka uma pembeni kama mtu anayeondoa mdudu, akamega bukari. Akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Eliza, ambia baba yako, chakula yake itapola." Nikakimbia barazani, nikasema. Baba akajibu bila kugeuka: "Ambia Kambo yako, huku kuko mupepe muzuri." Nikakimbia kurudisha jibu. Kambo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamtazama mkaguzi, ambaye bado alikuwa amesimama. "Na weye, mutoto, ikala. Samaki iko mingi." Hakukaa. Alivaa kofia, akamkwepa Baba pale barazani, akaenda zake.

Kadi haikupatikana. Baba aliambiwa ofisini kwa maneno machache, akatuletea habari hiyo jioni pamoja na vumbi lake la makaa. Kambo alikuwa amekwisha kurudi kwa kuku wake. Mama aliandaa sahani ya Baba mezani, akachukua yake, akaelekea jikoni, kwa kuwa sababu ya kukaa mezani ilikuwa imekwisha. Nami nilimfuata na uma wangu, nikiwa na furaha kidogo, nakiri, kwa ajili ya mkeka. Baba akaita.

"Mama Eliza. Kiti yako iko wazi."

Mama akasimama mlangoni. "Kadi si ilikatala?"

"Njo kadi ilikatala," Baba akasema. "Minyi sikukatala."

Mama akainamia sahani iliyokuwa mkononi mwake. Nilidhani analia, lakini alikuwa anafikiri. Kisha akasema kwamba yuko tayari kukaa, ila jikoni hatamwacha mtu peke yake tena, na kwamba atakula kwa mkono. Baba akacheka, kicheko ambacho hatukukisikia tangu mazoezi yaanze. Mdogo wangu alikuwa ameanza kujikalia kiti cha nne, kwa hiyo Baba alileta sanduku la sabuni, akaliweka kati yangu na Mama, akamwita Numbi kwa jina lake.

Miaka michache baadaye uhuru ulikuja, na kadi zile zikawa karatasi za kuwashia moto. Jirani yetu aliyekuwa na kadi alikuwa bado ananunua mkate kwenye kidirisha cha nyuma cha duka la Mgiriki, kama sisi. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Wote tulipimwa na watu wasiotujua, na waliotupima waliita desturi zetu ushenzi hata pale zilipokuwa heshima tupu. Lakini Mungu hutumia hata mlango uliofunguliwa kwa nia nyingine. Jikoni nilijifunza kupika, namshukuru. Mezani nilisikia habari za stesheni, nilisikia Baba akisoma Biblia na kueleza, niliuliza maswali nikajibiwa. Numbi naye aliuliza, zaidi yangu. Mwaka uliofuata alivaa viatu, akaenda shule akiwa mkubwa kuliko wote darasani. Alikufa akiwa muuguzi aliyezalisha nusu ya mtaa huu, nami nilistaafu nikiwa mwalimu.

Meza ile iko kwangu, mguu mmoja umetiwa kipande cha bati. Wajukuu wangu hula wakati wowote, sahani moja huku, simu huku, na sina ugomvi nao. Hakuna anayewauliza kama wameendelea. Binti yangu ameolewa na mtoto wa askari wa kambi ya Kamina, kijana ambaye wazazi wake walitoka mbali, pande za mto mkubwa, wasikojua miiko yetu. Siku ya kwanza alipokuja alikaa karibu nami, akanichagulia kipande kinono cha samaki, akakiweka kwenye sahani yangu kwa mkono wake. Binti yangu alishtuka, akanitazama aone kama nitaondoka. Nilisikia harufu ya Kinkondja. Nikamkumbuka Baba juu ya sakafu ya baraza, aliyeacha kiti ili mama wa mkewe asidharauliwe, kisha akakirudia ili mkewe asirudi jikoni. Nikamwambia kijana ahsante, nikala.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akubariki kwenye nyumba yako. Akupe samaki wa kutosha hata kwa mgeni asiyepeleka habari, na asiwepo chini ya paa lako mtu anayekula peke yake kwa sababu hakuna aliyemwita. Amina.