Mlinzi wa Nyar Otonglo

Ukiuliza nyumba ya Absalom Amolo pale Kaloleni ya Kisumu, hakuna atakayekutajia namba ya mlango, ingawa baraza la zamani liliichora kwa rangi nyeusi na bado inasomeka. Utaulizwa, "Yule mzee wa buibui?" Kisha utaelekezwa kwa kidole, na huyo anayekuelekeza atarudi nyuma hatua moja, kana kwamba wewe nawe umebeba kitu mfukoni. Miaka thelathini na mmoja mzee huyo aliosha chupa za maabara ya shule ya sekondari na kuwapangia walimu vijana vifaa vyao, na hakuna aliyewahi kumwita mwalimu hata kwa bahati mbaya. Buibui mmoja ndiye aliyempa cheo hicho.

Alimpata kule Otonglo, nje ya mji, nyuma ya soko, ambako vijana walikuwa wakichimba choo. Sepetu ilishainuliwa. Absalom akapiga kelele, akavua kofia, akamfunika yule mdudu, akampeleka nyumbani kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia. Alikuwa jike, rangi ya udongo, manyoya mwili mzima, mpana kama kiganja cha mtoto. Watoto wa mtaa walimpa jina kwa desturi ya kwetu ya kumwita mke kwa jina la kwao: Nyar Otonglo, binti wa Otonglo. Wanawake walioolewa kutoka upande huo hawakufurahia, na waliyasema waliyoyasema.

Kila Jumamosi asubuhi watoto sita au saba walikaa kwenye saruji ya veranda kulizunguka sanduku la kioo. Walikaa chini, si kwenye viti, kwa sababu buibui wa namna hiyo akianguka hata kutoka mezani tumbo linapasuka na habari yake inaishia hapo. Absalom aliandika sheria kwenye kadibodi na kuitundika ukutani. Mkono hauingii sandukuni. Kifuniko hakifunguliwi bila mtu mzima. Maji yawe kwenye kifuniko cha chupa, kila siku mapya. Mende mmoja kwa wiki, tena wa porini, asiwe wa jikoni aliyekula sumu. Akibaki bila kuliwa, aondolewe kesho yake. Nawa mikono kabla na baada. Ukiumwa, sema papo hapo, hakuna atakayekuchapa.

"Mwalimu, si utuwekee tu kwa mkono, kidogo tu," Frankline alikuwa akiomba kila wiki. Alikuwa mtoto wa nyumba ya tatu, mwenye mikono isiyotulia.

"Huyu si paka, Frankline. Hakujui. Hakupendi. Ukimshika atakuuma mpaka umwite nyanya yako aliyekufa."

"Sasa faida yake ni nini?"

"Faida ni wewe kujifunza kutazama kitu bila kukishika. Wakubwa wengi hapa Kisumu hawajui."

Alilipenda jibu hilo. Alilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mkewe Lornah, aliyekuwa akisikia yote kutoka jikoni, aliacha kucheka baada ya mwaka wa kwanza. Absalom alikuwa mtu wa kujipenda kwa kiasi kidogo, na kidogo hicho alikificha vizuri chini ya unyenyekevu wa mtu aliyeosha chupa maisha yake yote. Watoto walipomwita Mwalimu, shingo yake ilirefuka.

Lakini tuseme ukweli, aliijua kazi yake. Kwa miaka minne hakuna mtoto aliyeumwa. Watoto waliokuwa wakiwapiga mijusi mawe walianza kuchuchumaa na kuwatazama. Watu wazima ndio waliobaki na maneno. Kwetu mtu anayefuga mdudu wa porini ndani ya nyumba ana jina lake, jajuok, yule mchawi wa kukimbia uchi gizani na kutikisa milango ya wenzake. Mama Ivy, jirani aliyekuja kutoka Nyeri kuuza nguo mjini, hakulijua neno hilo alipohamia. Alifundishwa ndani ya wiki mbili, akalitumia vizuri kuliko waliomfundisha. Hata hivyo binti yake Ivy hakukosa Jumamosi hata moja.

Mwanafunzi bora wa Absalom alikuwa mjukuu wake, Debra. Alikuwa na miaka saba. Mama yake, Becky, ni muuguzi Nairobi, na kwa sababu ya zamu za hospitali alimwacha mtoto kwa wazazi wake tangu akiwa wa miaka mitatu. Debra hakuwa na maswali ya kijinga kama Frankline. Aliambiwa jambo mara moja, akalishika. Absalom alimpenda kwa namna ambayo hakuwahi kumpenda Becky mwenyewe, maana Becky alilelewa wakati baba yake bado anaogopa kupoteza kazi.

Pasaka iliyopita Becky alikuja, akaliona sanduku, akaisoma kadibodi yote akiwa bado na mkoba begani.

"Baba, mimi si mtu wa juok, wa uchawi na maneno ya Mama Ivy," akasema. "Mimi ni mtu wa casualty. Naona watoto wakiletwa kila siku kwa vitu ambavyo mzazi alisema haviwezi kufanyika. Nakupa mpaka mwisho wa mwaka. Kitu chochote kikimpata Debra kwa sababu ya huyo mdudu, anaenda shule ya boarding Nakuru. Hatutabishana."

"Hakuna kitakachompata," Absalom akasema.

"Sawa basi."

Hiyo ndiyo hasara iliyomngoja: kumpoteza Debra. Absalom aliielewa vizuri, na akafanya kama wafanyavyo wenye kujiamini, yaani akaongeza sheria.

Buibui hukua kwa kuvua gamba. Siku hiyo ikifika hulala chali, miguu juu, kama maiti, na hukaa hivyo saa nyingi akijitoa kwenye ngozi ya zamani. Ukimgusa anaweza kuvunjika mguu. Ukilisogeza sanduku anaweza kufa nusu ndani, nusu nje. Mara ya mwisho Frankline alidhani amekufa, akatafuta kijiti cha kumgeuza, na ni Debra aliyepiga kelele. Basi Absalom akaandika sheria ya mwisho, kwa herufi kubwa, akaipigia mstari: AKILALA CHALI, MLINZI HAONDOKI. Mtoto mmoja angekaa kando ya sanduku bila kuligusa wala kupiga kelele, mpaka apokewe zamu. Watoto waliipenda sana hiyo. Walifanya mazoezi ya kusimama kama askari wa lango kuu. Absalom naye aliipenda, na sijui ni nani kati yao aliyekuwa mtoto zaidi.

Mwezi wa tano, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani: vijana wa kupuliza dawa ya mbu wangekuja Alhamisi. Vyakula na vyombo vitolewe nje, vitanda visukumwe katikati ya chumba na kufunikwa, watu wote watoke, nyumba ifungwe saa mbili nzima. Dawa hiyo haibagui mbu na buibui. Absalom alipanga kumpeleka Nyar Otonglo dukani kwa rafiki yake Kinyua Jumatano jioni. Jumatano mvua ikanyesha, akasema kesho alfajiri.

Kesho alfajiri Nyar Otonglo alikuwa amelala chali.

Absalom alitakiwa kwenye mazishi ya binamu yake Luanda Kotieno, na gari la familia lilikuwa tayari likipiga honi. Alilikuta sanduku pale alipolificha tangu juzi, chini ya kitanda cha Debra, mahali penye giza na utulivu. Akamtikisa mtoto begani.

"Amelala chali. Leo wewe ndiye mlinzi."

"Ndio, Kwara," Debra akasema, akaketi wima kabla macho hayajafunguka. Kwara ni babu, na mtoto yule alilitamka kama cheo.

Dawa ya mbu, iliyomtoka akilini kwa zile honi, aliikumbuka wakiwa wamevuka Bondo. Simu ilikuwa mkononi. Lakini alijua Lornah angesema nini akimpigia: mtupe. Angesema hivyo na angekuwa na haki ya kusema. Absalom akajiambia kwamba wale vijana hufika saa saba, kwamba Lornah si mjinga, kwamba mtoto ataambiwa atoke na atatoka. Akairudisha simu mfukoni, akaendelea kusikiliza habari za marehemu.

Wale vijana walifika saa tatu. Lornah alikuwa na kazi ya watu wanne: unga, sufuria, magodoro, kuku. Aliita, "Debra! Toka nje, nyathina, mtoto wangu!" Hakujibiwa, naye akadhani mtoto yuko kwa Ivy kama kawaida yake. Kijana mwenye barakoa na pampu mgongoni alikuta kitanda katikati ya chumba, kimefunikwa turubai mpaka chini. Akapuliza kuta zote nne, akatoka, akachora alama ya chaki mlangoni. Mlango ukafungwa.

Chini ya turubai, Debra alikuwa amelala kifudifudi kando ya sanduku. Kitanda kiliposukumwa, sanduku lilisogea kidogo tu, naye alilishika lisitikisike. Alikuwa amevua sweta lake la shule akafunika matundu ya hewa. Alimsikia bibi yake akiita. Mlinzi hapigi kelele.

Zilipita dakika arobaini kabla Ivy hajaonekana uani peke yake. "Nyathi ere?" Lornah akauliza, mtoto yuko wapi, na Ivy akasema hajamwona Debra leo. Sitaeleza namna Lornah alivyoufungua ule mlango. Mtoto alitolewa akikohoa na kutapika, macho mekundu kama pilipili, na neno la kwanza alilosema ni kwamba hajapokewa zamu.

Kufikia saa sita mtaa mzima ulijua kwamba buibui amemuuma mtoto. Mama Ivy alikuwa ameona alama za meno, mbili, kwenye shingo. Yawa, watu wana macho! Daktari wa zahanati aliandika kwenye kadi kwamba mtoto amevuta dawa ya kuua wadudu, akampa hewa na maji ya mshipa, akasema atapona, na siku ya tatu Debra alikuwa amekaa kitandani akila chapati. Kadi hiyo hakuna jirani aliyeomba kuisoma.

Becky alifika Ijumaa. Absalom alikuwa amejiandaa kwa utetezi: hakuna sumu ya buibui, hakuna jeraha, sanduku halikufunguliwa. Alikuwa tayari hata kuleta kitabu. Becky aliisoma kadi, akairudisha kwenye bahasha. Hakuuliza neno hata moja juu ya buibui.

Jumapili, baada ya kanisa, aliwaketisha wote sebuleni. Debra alikuwa kwenye kochi, miguu haifiki chini.

"Dani alikuita. Ulimsikia?" Becky akamuuliza. Dani ndiye bibi.

"Ndio."

"Ulijua watu wote wanatoka?"

"Ndio."

"Sasa nani alikuambia usitoke?"

Kadibodi ilikuwa ukutani kwenye veranda, hatua sita kutoka pale, lakini Becky aliisoma Pasaka, kabla sheria ya mwisho haijaandikwa, na hakuwa na sababu ya kuisoma tena. Debra alimtazama babu yake. Hakumtazama kwa hofu, na hilo ndilo jambo ambalo Absalom hawezi kulimeza mpaka sasa. Alimtazama kama mtu anayesubiri kupokewa zamu.

Absalom alijua maneno aliyotakiwa kuyasema. Ni mimi. Maneno mawili. Alijua pia kwamba akiyasema, Becky atamchukua mtoto siku hiyohiyo, na kwa haki. Akiyameza, labda itasemwa kwamba watoto ni watoto. Akatazama mikono yake.

"Hakuna," Debra akasema. "Ni mimi tu sikutaka."

Becky alivuta pumzi. Alikuwa amechoka, na hofu ya siku tatu ilikuwa ikitafuta pa kutokea. "Sawa," akasema. "Mtoto anayeitwa akakaa kimya mpaka karibu afe, huyo anahitaji kufundishwa kutii. Boarding. Kesho."

Kutii! Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Absalom yalikuwa yamekaa kwenye kochi na meno mawili ya mbele yaliyong'oka, yakikubali kosa ambalo si lake.

Asubuhi, gari likiwa linangoja, Debra alimvuta babu yake mkono akamwinamisha. Nyar Otonglo alikuwa mzima, ametoka kwenye gamba lake, anang'aa. "Usimpe mende wiki mbili, Kwara," akanong'ona. "Meno yake bado ni laini." Kisha akaingia ndani ya gari. Mama yake akamfunga mkanda bila kumwangalia.

Lornah alirudi jikoni, akaketi na ungo wa mboga ya osuga, akaanza kuchambua majani. Absalom akamfuata, akasimama mlangoni.

"Mama Becky, ni mimi niliyemwambia asitoke."

"Najua," Lornah akasema. "Mtoto wa miaka saba hajiwekei zamu."

"Ulijua na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Alitupa shina chini. "Mpigie Becky."

"Yuko barabarani."

"Simu inashika barabarani, Baba Becky."

Aliitoa simu, akalitafuta jina la binti yake, akalitazama mpaka kioo kikazimika. Akakiwasha tena. Kikazimika tena. Lornah alimaliza osuga yote akimtazama, akabeba ungo, akaenda kuosha.

Jioni Becky ndiye aliyepiga, na alitaka kuongea na mama yake. Mtoto amepokewa vizuri. Kulikuwa na fomu ya kujaza, mahali pa kueleza tabia ya mwanafunzi, naye aliona ni heri aandike ukweli: mkaidi, haambiliki, aangaliwe kwa ukali. Lornah aliyarudia maneno hayo kwa sauti, moja baada ya jingine, ili mumewe ayasikie vizuri, kisha akamnyooshea simu ikiwa bado hewani. Absalom akatikisa kichwa kukataa.