Wageni Wangu Bungeni

Mimi ni waziri wa sheria na utawala katika kaunti yetu ya majani chai, na hii aibu nilijipikia mwenyewe. Siku ya kujibu maswali katika bunge la kaunti, niliita wasimamizi wote wa wadi waje wakae kwenye viti vya wageni, wanipigie makofi.

Mheshimiwa Chebet, mwakilishi wa wadi moja, akauliza kwa nini wakulima wanaacha kuchuma majani kufuata fomu za basari ya karo ya watoto, halafu wanapata ofisi ya msimamizi wa wadi imefungwa.

“Mheshimiwa Spika,” nikanguruma, “saa hii kila msimamizi yuko kwa meza yake!”

Makofi yakanilevya. Kwa mazoea, nikaomba wageni wangu watambuliwe.

“Wasimamizi wa wadi, simameni!” nikawaita.

Wakasimama wote, wakapunga mikono.

Mheshimiwa Chebet akauliza polepole, “Waziri, na meza wamekuja nazo?”