Karibu Ndani, Baba

Watu wa kijiji kile cha karibu na Marani walisema Bochaberi hakuzaa watoto, alifinyanga. Kila mvua ya masika iliponyesha, binti yake Jemimah wa miaka tisa na mwanawe Ishmael wa miaka sita walirudi nyumbani wakionekana macho na meno tu. Walikalia magome ya migomba na kuteleza kutoka juu ya shamba hadi bondeni kwenye chemchemi. Huko walifinyanga vidonge vya udongo, wakavichomeka kwenye ncha za fito na kurushiana. Mama yao akiwaona alishika kiuno na kucheka hadi machozi.

"Nani kati yenu ni wangu?" aliuliza. "Semeni mapema, nisije nikaogesha mtoto wa jirani."

Majirani waliona huo ni uzembe. Samaki mkunje angali mbichi, walimwambia. Bochaberi aliwajibu kwamba yeye hakuzaa samaki. Tope hutoka kwa maji, alisema, kuna vitu ambavyo havitoki.

Alikuwa anamfikiria mumewe. Ondieki alikuwa mwanamume wa mabega mapana, mchuma chai huko Kericho, mwenye kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Lakini akisikia kikohozi cha Mzee Okemwa alinyamaza na kuficha mikono. Okemwa alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea, kwa fimbo ya mti wa kahawa. Mwanawe wa kumzaa, Angwenyi, alipigwa siku moja kwa kuchafua shuka hadi sikio lake la kushoto likafa, na ukitaka kumsalimu ilikubidi uzungukie upande wa pili. Kwa desturi mzee wa umri ule hutaniana na wajukuu, akamwita huyu mke wangu na yule mume mwenzangu, lakini Okemwa utani ulimpita kando. Tangu mimba ya kwanza Bochaberi aliapa kwamba fimbo ile haitawagusa wanawe.

Ijumaa moja ya mwezi wa nne, mwaka 1968, Mzee Okemwa alikuwa anashuka njia ya bondeni kwenda mkutano wa wazee wa kanisa. Alivaa koti lake la pekee na shati jeupe. Ishmael alirusha kidonge, Jemimah akainama, na udongo ukatua kwenye jicho la mzee.

Hakupiga kama mtu anayemwadhibu mtoto. Alipiga kama mtu anayeua nyoka. Pigo la kwanza lilimlaza Ishmael kifudifudi, la pili likampasua sikio. Alipoinua mkono kujikinga, la tatu lilimvunja kidole. Jemimah alimrukia mzee na kuzamisha meno kwenye kifundo cha mkono wake, akang'ang'ania hadi akaonja damu. Mzee alimkung'uta, akamtupa kwenye mawe ya chemchemi. Nafasi hiyo ndogo ilimtosha Ishmael. Alitambaa, akasimama, akaanguka, akapanda mlima anapiga mayowe, na dada yake nyuma yake akichechemea.

Bochaberi alikuwa anasaga wimbi. Aliinuka akakuta mwanawe anapenya katikati ya miguu yake na kujitupa chini ya kitanda, binti naye akafuata. Mzee alikuwa keshafika uani, jicho moja limezibwa na tope.

Sasa, kwa Wagusii kuna jambo ambalo hata mlevi hulikumbuka. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala baba mkubwa. Hiyo ndiyo ensoni, heshima na aibu kwa pamoja. Mkaza mwana naye hamkabili mkwewe uso kwa uso. Akikutana naye njiani hupisha, huinamisha macho.

Okemwa alisimama ghafla mbele ya kizingiti.

"Mtoe huyo mbwa," alisema.

Bochaberi aliona damu kwenye fimbo. Alisikia meno ya Ishmael yanagongana kule chini ya kitanda. Aliogopa. Lakini hakuinamisha macho, na kwa sauti ile ile ya kumpokea mgeni yeyote alisema, "Karibu ndani, baba."

Mzee alidhani hakusikia vizuri. "Unasema nini?"

"Nasema karibu ndani. Mtoto yupo. Ingia umchukue."

Lilikuwa tusi kubwa kuliko matusi yote, na halikuwa na neno baya hata moja. Fimbo ilipita mlangoni ikampiga begani. Bochaberi alishika mwimo wa mlango. "Karibu, baba." Pigo la pili alilikinga kwa mkono wa kulia, na mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa. Alitapika pale pale, juu ya wimbi lake, kisha akapangusa mdomo kwa mkono wa kushoto. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanaume wazima wenye majembe, na hakuna aliyethubutu kumgusa mzee. Pigo la tatu lilimpasua paji la uso.

"Karibu ndani, baba," alisema, damu ikimwingia kinywani. "Kiti kipo."

Okemwa aliguta na kumjia. Wanawake walifunika nyuso kwa kanga. Ni Angwenyi, yule wa sikio moja, aliyepasua kimya.

"Baba! Mguu!"

Mzee alitazama chini. Kiatu chake cha kanisani kilikuwa ndani ya nyumba ya Ondieki. Alikirudisha kana kwamba amekanyaga makaa, akaangalia watu, akaona wote wameona. Alipita katikati yao akaondoka. Jumapili wazee wa ukoo walimtoza mbuzi wa kuondoa aibu, na tangu siku hiyo alipofungua mdomo barazani wenzake walianza kukohoa.

Bochaberi alifungwa mkono kwa vibanzi vya mianzi. Wanawake walikuja na ndizi na maziwa, kila mmoja akitaka kusimuliwa upya, na yeye akasimulia. Alikuwa ameshinda, na alijua. Kilichomkosesha raha ni watoto. Kwa wiki mbili walikaa barazani wakiwa safi, wakinyamaza kila mtu alipopita.

Wiki ya tatu alisikia vicheko bondeni. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akaacha kuni alizokuwa anaokota na kushuka kwenda kuwaona.

Walikuwa wachafu kuliko siku zote. Walikuwa wamejenga mlango kwa majani ya migomba, na Jemimah amesimama hapo, mkono mmoja ameufunga kwa kamba. Nyuma yake lilikuwa limelazwa shina la mgomba, limevishwa shati la Ishmael. Ishmael mwenyewe alikuwa na fimbo.

"Karibu ndani, baba," alisema Jemimah kwa madaha.

Ishmael alimsukuma dadake akaanguka, akaingia. Alilipiga lile shina, akalipiga tena, maji yake yakimrukia usoni, shati likichanika. Jemimah alimwambia mchezo si hivyo, mzee haingii. Hakumsikia. Kidole chake kilichovunjika kilikuwa kimekaa upande juu ya fimbo.

"Ishmael," mama aliita. "Njoo, mwanangu."

"Ngoja, mama," alijibu bila kugeuka. "Bado hajalia."

Ondieki aliporudi mwisho wa mwezi alikuta vyungu vimefungwa kamba na mkewe ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Aliutazama mkono wenye vibanzi, akaona lile kovu la paji la uso, na machozi yakamtoka.

"Nisamehe," alisema. "Ni kwa sababu ya mkono. Tutahama."

"Si mkono," Bochaberi alimwambia. "Mkono utapona. Ni Ishmael. Ameonja utamu wa kupiga."