Rivasi ya marehemu

Leo gari la marehemu mume wangu limemtia shemeji baharini, hapa Liwatoni.

Ni lile kuukuu la magurudumu sita, linalokwenda nchi kavu na majini. Shemeji aliapa: lisipotembea leo, analiuza chuma chakavu.

Fundi Athumani akafungua giaboksi, akairekebisha, akaifunga.
"Mama, tia gia ya mbele."

Nikatia.
Likaenda nyuma!

Na nyuma, ukingoni mwa maji, alisimama shemeji, mikono kiunoni.

(Marehemu hakuipata rivasi hata siku moja. Alikuwa akishuka na kulisukuma, huku akilitukana.)

Nikapiga ukelele, "Fundi, umefunga kinyume!"
"Kwani halikutembea?"

Shemeji akatema maji. "Haya, shemeji. Limetembea. Kaa nalo."

Nami naelea ndani ya gari, nacheka. Nyinyi mngemwopoa kwanza, au mngemaliza kucheka?